Mwaka Niliochelewesha Mbegu

Mwaka jana, tulipomaliza kuvuna, shemeji yangu alikuja kwangu amevaa koti lake la mazishi. Hakuna aliyekuwa amekufa. Nilimwona tangu langoni nikajua ni neno la ukoo, maana mtu wa umri wake havai koti zito kwenye jua la Migori kwa kupenda.

Huyu shemeji ni ndugu mdogo wa marehemu mume wangu. Siku hizi ndiye mkubwa wa wanaume waliobaki. Nilimpa kiti, nikampa maji. Akanywa, akatazama mahindi yaliyoanikwa uani.

"Mikayi, umevuna."

"Nimevuna kidogo."

"Kidogo cha mtu mwenye maghala mawili."

"Shemeji, hukuvaa koti hilo uje kutazama mahindi."

Akacheka, kisha akaacha. Akaniambia mke mwenzangu anaumwa kule Sindo. Miguu imevimba mpaka juu ya magoti. Walimpeleka hospitali Homa Bay, daktari akasema ni figo, zote mbili, na kwa umri wake kilichobaki ni kumtunza tu apumzike. Sasa yuko kwa binti yake, na amesema akifa asiletwe nyumbani. Azikwe hukohuko Sindo, karibu na mahali wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani.

Mtu asiye wa kwetu anaweza kusema, si azikwe tu, udongo ni udongo. Kwetu mke aliyelipiwa mahari huzikwa katika boma la mumewe, kushoto kwa nyumba yake mwenyewe. Akizikwa kwingine ni kama boma limesema halimjui. Kesho wajukuu wake watauliza shamba lao liko wapi, na hakutakuwa na kaburi la kuwaonyesha.

"Amekataa kabisa?" nikauliza.

"Hajakataa kabisa. Ameweka sharti. Anataka uende wewe mwenyewe. Si kwa simu, si kwa kutuma mtu. Umwambie kwa mdomo wako kama ulijuta."

"Nilijuta nini?"

"Mikayi, usinifanye mtoto."

Nikainama nikageuza mahindi yaliyokuwa karibu.

"Sema tu ulijuta," akasema. "Neno moja. Maneno hayalimwi wala hayapaliliwi. Ukisema, tunamleta, anakufa kama mke wa watu, na mimi navua hili koti. Limenichosha."

Nitaeleza lile jambo jinsi lilivyokuwa, maana katika ukoo limeelezwa kwa namna nyingi, na mimi niliacha lielezwe hivyo. Naandika kwa Kiswahili changu cha sokoni kwa sababu nina wajukuu kule Isebania ambao mama yao ni Mkuria, na Kijaluo hawakishiki vizuri. Nao ni wa boma hili. Wajue.

Mikayi ni mke wa kwanza. Kwetu yeye ndiye anayetoa mbegu. Mvua ya Machi ikianza, mume hulala kwake, na asubuhi yake yeye huingia shambani kabla ya mtu yeyote, akapanda. Siku ya pili mke wa pili anapanda, halafu wake za wana. Mikayi asipopanda, hakuna jembe linaloinuliwa katika boma zima, hata mvua ikimwagika, hata mahindi ya jirani yakifika magotini. Anayemtangulia anajiletea chira, ule ugonjwa wa kukonda ambao hauna hospitali. Mimi ni Msabato. Mchungaji alitufundisha kwamba hayo yote ni giza. Tulisema amina, na Machi ilipofika tuliendelea kungojana.

Mwaka ule mzee, mume wetu, alinunua mabati. Nyumba yangu ilikuwa ya nyasi, na ya mke mwenzangu ilikuwa ya nyasi. Mabati yalipofika yakaezekwa kwake. Mzee alitoa sababu: kule kuna mtoto mchanga, na paa la kule linavuja zaidi. Ilikuwa kweli, lilivuja zaidi. Lakini mikayi ni mimi, na nililala chini ya nyasi nikisikia mvua ikipiga bati la mwenzangu. Ni hilo tu. Sitaki kulifanya kubwa kuliko lilivyokuwa.

Mvua ya kwanza ya kupandia ilipokuja, nilisema goti linaniuma. Nilifunga leso juu ya goti, nikaanza kuchechemea. Mzee alipokuja nilimwambia siwezi. Baada ya siku tatu nikaenda kwa kaka yangu upande wa Homa Bay, nikasema huko kuna mama anayekanda viungo. Nikakaa. Mvua ilinyesha kila alasiri, na mimi nikaitazama nikiwa barazani. Kaka yangu aliniuliza, "Dada, kwani kwenu hampandi?" Nikamwambia, goti. Akatazama goti, akatazama mvua, akaenda zake.

Goti halikuwa likiuma. Halijawahi kuuma. Hata leo mgongo umekwisha, meno yamekwisha, goti lile ni zima.

Nilirudi nyumbani baada ya wiki tano, nikapanda. Kesho yake mke mwenzangu akapanda. Mahindi yakatoka, yakafika kifuani, yakaanza kutoa mbelewele, na mvua ikakatika. Yakasimama hapo makavu kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Yangu yalikauka vilevile. Ila mimi nilikuwa na mtama wa mwaka uliotangulia. Yeye ghala lake lilikuwa tupu, maana alikuwa amefiwa na mama yake kule Karungu, na mtama wote ulikwenda kulisha waombolezaji.

Nilijua hilo. Siku moja kabla ya kusema habari ya goti, yeye akiwa mtoni, nilipita nyuma ya nyumba yake nikainua paa la ghala nikachungulia. Kulikuwa na kikapu kimoja cha mtama, na panya.

Mwezi wa nane alichukua watoto akaenda ziwani kuanika omena. Alisema ni msimu mmoja. Binti yake mkubwa alikuwa darasa la saba, na ndiye aliyekuwa akisoma barua za Kiingereza za boma zima, hata zangu. Aliacha shule akaenda kumsaidia mama yake kugeuza samaki. Hakurudi shuleni, na mama hakurudi nyumbani. Mzee alikuwa akienda Sindo na kurudi, mpaka alipokufa. Nyumba ya mwenzangu ilikaa bila moshi, mchwa wakala nguzo, ikaanguka. Mabati nikayachukua mimi. Nikaezekea banda langu la kuku.

Katika mazishi ya mzee alikuja, akalia kama inavyotakiwa, kisha akaja mpaka nilipoketi na wanawake wengine. Akaniamkia. Akasema, "Goti linaendeleaje, Mikayi?"

Nikasema, "Linaendelea vizuri."

Wanawake wakatazama chini. Tangu siku hiyo, kila tulipokutana, na tulikuwa tukikutana kwenye mazishi tu, aliniuliza hivyohivyo. Goti linaendeleaje. Nami namjibu, vizuri. Ikawa ndiyo salamu yetu.

Sasa shemeji anataka niseme nilijuta. Ningeweza kusema. Lakini uongo mkubwa nimeshasema mmoja katika maisha yangu, na najua kazi yake. Hausemwi mara moja ukaisha. Inabidi uchechemee nao.

Wiki hiyohiyo mjukuu wangu alikuwa nyumbani. Ni binti wa mwanangu wa tatu, yuko chuo kikuu anasomea ualimu, na huko walimpa somo la Wayunani wa kale. Mimi Wayunani ninaowajua ni wale wa Biblia, wanaotafuta hekima. Nilifika darasa la nne tu. Jumamosi, tukitoka kanisani, kwangu hakuna kazi, hata mahindi hayapukuchuliwi. Alitandika mkeka chini ya upenu akakaa na makaratasi yake.

"Dani," akasema, ndivyo wanavyoita bibi, "nitasoma kwa sauti. Ukiona nasinzia, nipige."

"Wanasema nini hao?"

"Wanauliza kama mtu mwema anajuta."

"Hilo linaulizwa chuo kikuu?"

"Na mtihani upo, Dani."

Akasoma Kiingereza chake, halafu akanieleza kwa lugha yetu. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Wayunani hao aliyewagawa watu. Mtu mwema kabisa, alisema, hana la kujutia, maana nafsi yake ni moja. Anachotaka leo ndicho alichotaka jana, na ni kizuri.

"Huyo hajaolewa," nikasema.

Akacheka mpaka makaratasi yakamwanguka. Alipoyaokota akaendelea. Yuko mwingine ambaye ni dhaifu. Anajua lililo jema lakini tamaa au hasira inamshinda, anafanya baya, kisha anajuta. Huyo ana dawa. Mwalimu wao anamfananisha na mtu wa kifafa, anaanguka halafu anaamka. Na yuko aliyelichagua baya akili yake ikiwa timamu, na hajuti. Huyo hana dawa. Huyo ni kama mgonjwa wa kuvimba, mwili umejaa maji, ugonjwa hauji ukaondoka. Umekaa tu. Na mwenyewe hasikii.

Nikafikiria miguu ya mke mwenzangu. Nikafikiria kwamba aliyevimba si aliyekosa. Wayunani hawakulipanga hilo.

"Dani, mtu wa namna hiyo yuko kweli? Amekosa na hasikii kitu?"

"Yuko."

"Unamjua?"

"Soma."

Akasoma tena. Kulikuwa na habari ya mtu aliyefanya jambo bila kujua. Akija kujua baadaye akaumia, basi tunasema hakutaka. Asipoumia, huyo ni mwingine.

"Na aliyefanya huku anajua?" nikauliza.

"Aliyejua amejua, Dani. Hapo hakuna mjadala."

Akageuza karatasi. Akasema Wayunani hao walifundisha pia kwamba mtu hazaliwi mwema. Mjenzi anakuwa mjenzi kwa kujenga, na mwenye haki anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki, tena na tena, mpaka aizoee.

"Hata kama moyoni hasikii?"

"Mwanzoni hasikii vizuri. Anafanya tu kama mwanafunzi anayeongozwa mkono."

"Mama yangu alinifundisha kusuka kikapu hivyo. Hakuniuliza moyo wangu unasemaje."

"Lakini wanasema inafaa ianze utotoni."

"Basi kuna watu wamechelewa."

"Si wewe," akasema, akanitazama kwa upendo. "Dani, wewe ni mwema tayari. Hujawahi kujuta kitu, mimi naona."

Baada ya muda akasinzia, na sikumpiga.

Kesho yake nilikwenda kusimama mahali nyumba ya mke mwenzangu ilipokuwa. Sasa pameota majani na mkonge mmoja. Jiwe la kuwekea mtungi bado liko. Nikasimama hapo nikijaribu. Nilimwaza yule binti akiinama kugeuza samaki wakati wenzake wanafanya mtihani. Nilimwaza mtoto mchanga. Nilimwaza mwenzangu akifungua ghala kila asubuhi kana kwamba usiku kuna mtu alimwekea kitu. Nikangoja, kama mtu anayengoja chafya. Inakuja, unafumba macho, unafungua mdomo, halafu inarudi.

Kuna kitu nimekiona katika maisha yangu. Watu wakitendewa mabaya wanalia, na wanaotenda mabaya wanadhaniwa wanacheka. Mimi sikuwahi kucheka. Mwaka ule nilipoona mahindi yake yamekauka nilipita tu, kama unavyopita shamba la mtu usiyemjua. Nilidhani hisia itakuja baadaye, mambo yakitulia. Mambo yalitulia miaka thelathini na zaidi.

Jumanne nikaenda Sindo. Nilipofika ilikuwa saa nne asubuhi na wingu zito limesimama juu ya ziwa. Binti mkubwa wa mwenzangu alikuwa kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, omena zimemwagwa juu ya nyavu hizo, nyeupe kama mchele. Sasa ni mama mzima, mikono imepasuka kwa maji na jua. Aliniona, lakini hakunyooka.

"Mama mkubwa, karibu. Salamu baadaye, mvua hiyo inakuja. Shika upande huo."

Nikaweka mkoba wangu juu ya jiwe, nikashika. Tulikusanya kwa mikono, tukajaza magunia, tukakokota mpaka chini ya turubai. Kunguru walikuwa wakitembea katikati yetu kama wenye mali. Tulikuwa tumefika nusu mvua ilipoanguka. Nusu nyingine ikalowa pale pale kwenye nyavu. Akasimama akaitazama.

"Hiyo sasa ni chakula cha kuku," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesema leo ni Jumanne. "Ungechelewa kidogo kufika, zote zingekuwa za kuku. Twende ndani."

Mke mwenzangu alikuwa ameketi kitandani karibu na mlango, mito nyuma ya mgongo, miguu juu ya kiti cha plastiki. Uso ulikuwa mdogo, miguu mikubwa, kama miguu ya mtu mwingine aliyeiazima. Alinitazama nikipangusa mvua kichwani.

"Goti linaendeleaje, Mikayi?"

Safari nzima sikuwa nimepanga maneno.

"Ni zima," nikasema.

"Lilipona lini?"

"Halikuwahi kuuma."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Akaniashiria nisogee.

"Sema tena. Masikio yangu hayako sawa."

"Halikuwahi kuuma. Nilifunga leso juu ya goti zima."

"Na ghala langu?"

"Nililiinua paa nikatazama, siku moja kabla. Nilijua. Kulikuwa na kikapu kimoja."

"Na panya."

"Nilimwona panya."

"Yule panya naye alihama," akasema. "Alituacha hata kabla ya mwezi wa nane."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, ndoo mkononi. Hakuna aliyemwambia atoke.

"Sasa nijibu neno langu," akasema mwenzangu. "Ulijuta?"

"Sikujuta. Nimetafuta. Juzi nilisimama kwenye kiwanja cha nyumba yako nikangoja, haikuja. Sijui kwa nini. Shemeji alinituma nikwambie nilijuta. Nikikwambia hivyo, nyieka, nitakuwa nimefunga leso nyingine."

Nyieka ni jina tunaloitana wake wa mume mmoja. Sikuwa nimemwita hivyo tangu mwaka wa mabati. Lilinitoka tu.

"Mama mkubwa," akasema binti yake, "umetoka Migori kuja kusema hivyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa wa kwanza darasani."

"Najua. Ulikuwa ukinisomea barua."

"Basi," akasema. Akaweka ndoo chini, akatoka kwenye mvua, akaenda kusimama penye zile omena zilizolowa. Hakuwa na kazi ya kufanya pale.

Nilikuwa nimejua nitafukuzwa, na nilikuwa nimeshikilia mkoba wangu. Mwenzangu alikuwa anatazama dari.

"Ungesema ulijuta," akasema mwishowe, "ningezikwa hapa. Nilikuwa nimeshaamua. Ningejua wazee wamekufundisha."

Akaacha kutazama dari, akanitazama mimi.

"Miaka yote hii nimeambiwa nawaza vibaya. Mzee amekwenda kaburini anasema ni goti. Mchungaji wangu aliniambia nina roho ya kushuku, niombe nitolewe. Nikaomba, Mikayi. Nilifunga siku tatu bila chakula, nikimwomba Mungu anisamehe kwa kukushuku wewe."

Hapo nilisikia kitu kidogo, kama mtu amegonga mlango wa nyumba ya pili, si yangu. Kikapita. Nakiandika kwa sababu kilikuwepo, lakini sitakipa jina ambalo si lake.

"Siko tayari kukusamehe," akasema.

"Sikuja kuomba."

"Vizuri. Maana ungeomba ningekunyima, na wewe ungerudi kwako ukijiona umefanya kazi." Akavuta pumzi. Kuvuta pumzi kulimchosha. "Nitakuja nyumbani. Lakini si kwako. Nataka nyumba yangu."

"Ilianguka."

"Najua ilianguka. Mabati yako wapi?"

"Juu ya kuku wangu."

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikalazimika kumshika mgongo. Ulikuwa mwepesi, mifupa tu.

"Waezulie hao kuku," akasema. "Waezulie, walale chini ya nyasi kama ulivyolala wewe."

Niliporudi, shemeji alikuwa ananingoja barazani. Koti lilikuwa mwilini.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Akakubali?"

"Anakuja. Anataka nyumba."

"Si nilikwambia! Neno moja tu!" Akavua koti, akalikung'uta, akaliweka begani kama kijana. Sikumwambia nilisema neno gani. Akilisoma hapa atakuwa amejua.

Vijana wa ukoo walijenga kwa wiki mbili, miti na udongo. Mabati nilishusha mwenyewe, moja baada ya lingine. Nikayasugua kwa mchanga na maji, kinyesi cha miaka yote hiyo, chini ya kinyesi kutu, na chini ya kutu bado kulikuwa na bati. Mjukuu wangu alinipigia simu kutoka chuoni.

"Dani, mtihani umekwisha. Niliandika kwamba asiyejuta hana dawa kabisa."

"Umeandika vizuri."

"Unakubaliana nao?"

"Mimi nasugua mabati. Uniulize siku nyingine."

Wakamleta mwezi wa pili kwa gari la kukodi, binti yake akiwa amemshika. Wakamweka ndani ya nyumba yake, na yeye akataka kiti kiwekwe mlangoni. Hapo ndipo anaposhinda, miguu juu ya kigoda, akitazama uwanja wote. Asubuhi nampelekea uji. Anaonja, anasema hauna chumvi. Kesho naweka chumvi, anasema imezidi. Hatuzungumzi mengi. Binti yake alirudi Sindo, lakini alisema atakuja siku ya kupanda ashike jembe la mama yake.

Machi hii mvua ya kwanza ya kupandia ilianguka siku ya Jumatatu alasiri. Tangu mzee afe, habari ya kulala kwa mikayi haipo tena, lakini kutangulia kungali kwangu. Jioni nilimpigia simu binti wa mwenzangu nikamwambia apande gari. Jumanne kulipokucha nilichukua jembe na kikombe cha mbegu. Wake za wanangu walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye mlango wake na jembe limeegemezwa ukutani, kama nilivyowazoesha. Nikapita mbele ya nyumba ya mwenzangu. Alikuwa ameshaketi.

"Mikayi. Goti?"

"Nyamaza, nyieka. Nimechelewa."

"Hujachelewa," akasema. "Jua halijatoka."

Nikaingia shambani. Udongo ulikuwa umelowa vizuri, ule wa kushika jembe na kuliachia. Nilijua ananitazama na sikugeuka. Nikachimba shimo la kwanza, nikatia mbegu tatu, nikafukia kwa mguu wangu ule wa goti zima. Nikasimama kidogo nikajisikiliza. Hakukuwa na kitu.

Nikasogea, nikachimba la pili.